Evodia na Nauli ya Kurudi

Katika stendi ya Muleba, nyuma ya pale magari ya Bukoba yanapogeuzia, yuko mwanamke anayefunga mizigo ya watu. Jina lake Evodia. Ana meza moja, kamba za mgomba zilizokauka, sufuria ya ndizi na maharage, na kopo la maziwa ya unga ambalo maziwa yake yaliisha zamani. Mzigo anakufungia kwa bei ndogo. Ndizi anaziuza zikiwa ndani ya jani, chakula cha njiani ambacho kwa Kihaya tunakiita entanda. Kilichomo ndani ya kopo hakiuzwi.

Ukifika mezani pake na begi lako, hakuulizi unakwenda wapi. Anauliza, "Nani anakungoja?" Ukijibu anauliza, "Na huku nyuma, nani anajua umeondoka?" Kisha, "Ukikwama njiani, utalala kwa nani?" Halafu anatazama pindo la nguo yako kama mtu anayeona ndani yake, anauliza la nne. "Nauli ya kurudi iko wapi?"

Wapo wanaomcheka. Kondakta mmoja amempa jina la Uhamiaji.

"Mama Uhamiaji, niachie abiria wangu," humwambia. "Wanakwenda Kagoma tu, hawavuki mpaka."

"Hata wa Kagoma hupotea," Evodia humjibu huku akikaza kamba. "Wewe mwenyewe mkeo alipita hapa juzi akikuulizia."

Evodia alizaliwa Kashozi, akasoma misheni mpaka darasa la saba, akaolewa huku Muleba na Rugaibula, mchuuzi wa samaki. Nimeona picha yake. Mtu mwembamba, kofia imekaa upande. Rugaibula alikuwa akivuka kwenda visiwani na kurudi, leo kisiwa hiki, kesho kile, na hakuwa na tabia ya kusema. Alikuwa akisema, "Ninakwenda ziwani," basi, kama mtu anayesema anakwenda kisimani. Safari moja hakurudi kwa wiki, na Evodia hakushtuka, kwa sababu hawakuwa wamepatana siku. Wiki ya pili alianza kuulizia. Siku ya kumi na tisa akapata habari kwamba alishikwa na homa kwenye kambi moja ya wavuvi, akalala siku sita, akafa. Waliokuwa naye walikuwa wageni kutoka mikoa mingine. Walimwosha, wakamvisha shuka safi, wakamzika vizuri. Lakini hakuna aliyejua ni mtu wa wapi, na msalaba wake waliuandika "Mzee wa Kofia".

"Siku sita," Evodia aliniambia. "Kutoka hapa ni safari ya siku moja. Ningemkuta."

Tangu hapo alianza mambo ya kopo. Watu wa kwetu tunaijua kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu ikakaushwa, mgeni akifika unampa kabla ya maji. Tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolaliana. Wazee walipotaka kufanya omukago, yaani undugu wa damu, waligawana punje hizo mbili. Evodia anapomaliza kufunga mzigo wako, anachukua tunda moja, analipasua kwa jino, punje moja anakupa, moja anaitia kwenye kopo. Anakuuliza siku utakayorudi. Ukirudi unaipitia ya kwako, mnatafuna pamoja, yamekwisha. Usiporudi siku uliyosema, anaanza kupiga simu. Anazo namba za makondakta, za manahodha, za wauza chai wa mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotia. Hana undugu na yeyote kati yao.

Mimi alinikuta nalia.

Niseme kwa ufupi kilichonifikisha pale. Nilikuwa na nyumba Izigo, na mume aliyeitwa Kahigi, na binti, Stellah. Kahigi alileta mwanamke mwingine aliyesoma. Ukoo ukakaa kikao, ukasema kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba yake, ni cha ukoo na mtoto ni wa ukoo, na mimi ni wa kwetu. Nilitoka na mkeka na begi moja. Stellah alikuwa na miaka saba. Wale waliokaa kwenye kikao kile wengine bado wako hai, na kanisani wananipa mkono. Naupokea. Sitasema zaidi.

Nilihamia Kagoma, nikalima vibarua, miaka kumi na mitano. Stellah aliambiwa na shangazi zake kwamba nilimwacha nikamfuata mwanamume Mwanza. Alipokua akaolewa na Mayunga, Msukuma anayenunua dagaa, wakahamia kisiwa cha Bumbire. Habari hizo nilizipata kwa mchuuzi. Siku hiyohiyo nikaanza kutafuta nauli.

Safari ya kwanza niliharibikiwa hapohapo Muleba. Sikujua kusoma. Mtu alinipokea begi nikiwa sijashuka vizuri, akasema, "Mama, mwaloni? Gari hili hapa, nauli nipe mimi." Nikampa. Akaniingiza kwenye gari, akapotea. Gari lilikuwa la Biharamulo. Kondakta wa kweli alipokuja kudai nauli sikuwa nayo, akanishusha. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro.

Evodia alikuja na ndizi kwenye jani. Hakuniuliza nina nini. Alisema, "Kula kwanza. Aliyelia na njaa analia mara mbili."

Nilipomaliza akaniambia, "Nauli hailipwi chini. Unalipa ukiwa umekaa, gari limewashwa, na unadai tiketi. Begi lako hashiki mtu usiyejua jina lake. Na bei ya nauli usimuulize anayekupakia. Muulize muuza nyanya, halafu umuulize mshona viatu, watu wawili wasiokaa pamoja. Wakitofautiana, tafuta wa tatu."

"Sijui kusoma vibao," nikamwambia.

"Hilo ni dogo. Ile pale ni M, ya mwaloni. Ina vilima viwili kama barabara ya kwetu. Ukiona M mwanzoni, anza kuuliza. Ukiona B, subiri, maana B ziko nyingi, Bukoba na Biharamulo."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusoma, nikiwa na miaka arobaini na minne, kwa vibao vya magari. Kila nilipokuwa na senti ya kufika Muleba nilikaa kwenye meza yake, nikamsaidia kumenya ndizi, akanionyesha herufi zikipita. Nyingine zilipita mbio, nikazikosa.

Safari ya pili niliiharibu mwenyewe. Evodia aliniambia nisivuke siku ya gulio la mwaloni, na nisibebe mzigo wa kushinda mkono mmoja. Nikamsikia, nikafanya la kwangu. Kwetu huwezi kwenda kwa mtoto wako mara ya kwanza mikono mitupu. Nilinunua mkungu mzima wa ndizi, mkubwa, na shina lake, maana ndizi zilizokatwakatwa anapewa mwombaji. Ule mkungu ulinila. Ulilipiwa kwenye gari, ukalipiwa mtu wa kuubeba, na ulipofika mwaloni ilikuwa alasiri ya gulio, mtumbwi umejaa watu na magodoro na kreti za soda hadi maji yanakaribia ubao wa juu. Nahodha, Haidari, alisema, "Mama, nafasi iko ya mtu. Ya mkungu haipo. Chagua."

Nilishuka na mkungu wangu.

Niliporudi Muleba nao, Evodia aliutazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ndizi zimetembea," alisema.

"Zimetembea."

"Zimeona ziwa?"

"Zimeliona."

"Basi tuzipike, zimechoka." Akachukua kisu. Tulimenya tukicheka, nikaanza kulia, tukaendelea kumenya. Jioni ile alitoa punje iliyokuwa kwenye kopo, nami nikatoa ya kwangu, tukatafuna. Alisema aliyerudi bila kufika naye amerudi.

Mwaka jana, mwezi wa pili, simu yangu iliita. Alikuwa Mayunga, namba yangu kaipata kwa yule mchuuzi. Sikuwahi kuisikia sauti yake.

"Shikamoo mama. Mke wangu amejifungua binti. Jumapili anabatizwa." Nikasikia kuku nyuma yake. "Stellah anasema, kama una miguu ya kuja, njoo. Kama huna, anasema usimtafute tena. Nisamehe mama, nimetumwa."

"Wewe huna kosa, baba," nikamwambia.

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na pesa ya safari moja, na baada ya hiyo hakukuwa na nyingine ya kuonekana mbele. Nilikwenda kwa Evodia nikamwambia, "Safari hii nitafanya unavyosema, hata ukiniambia niende uchi."

"Uchi hapana, utashikwa," alisema. "Kaa."

Alipanga kama mtu anayepanga harusi. Gulio la mwaloni ni Alhamisi. Mitumbwi siku hiyo jioni hurudi visiwani imejaa, na Ijumaa asubuhi ile iliyobaki huvuka karibu mitupu, inakaa juu ya maji, na nahodha anapunguza bei ili asiende bure. Kwa hiyo Ijumaa. Gari la kwanza la asubuhi, kwa sababu upepo wa ziwa huamka mchana, na aliyechelewa gari huukuta upepo. Alimpigia Haidari palepale.

"Haidari, nina mtu wa Ijumaa. Yule wa mkungu."

Nilisikia Haidari akicheka ndani ya simu. "Anakuja na mkungu?"

"Anakuja na mikono miwili. Laifu jaketi unazo?"

"Ninazo, mama."

"Za kuvaa au za kukalia?"

"Mama Evodia, nitamvalisha mimi mwenyewe."

Zawadi akaitatua pia. Alitoa chini ya meza kopo la senene waliokaangwa, wa msimu uliopita, wekundu, wameiva hadi wanalia ukitikisa. "Kisiwani wana samaki wa kila aina," alisema. "Senene hawana. Hili kopo lina heshima kuliko mkungu, na halilipiwi."

Pesa tulizigawa. Za kwenda kwenye mfuko wa sketi, za dharura kidogo ndani ya jani la entanda, mahali ambapo mwizi hatafuti. Za kurudi nilimpa yeye azishone kwenye pindo la kitenge. Alishona akiwa amenipa mgongo.

"Unarudi lini?"

"Jumatatu."

Akapasua tunda la kahawa. Punje moja akaitia kwenye kopo, moja akanifungia kwenye ncha ya leso.

Safari ile haina cha kusimulia, na hiyo ndiyo sifa yake. Gari lilikuwa na M mbele, nikalisoma mwenyewe. Nililipa nikiwa nimekaa. Ziwa lilikuwa limelala. Haidari alinivalisha jaketi akalifunga kamba zote tatu, na mzee mmoja aliyekuwa amelikalia la kwake akaona haya, akalivaa. Kabla ya saa sita nilikuwa nimefika Bumbire, nguo imelowa chini tu.

Stellah alikuwa amekaa nje ya nyumba ya mabati, mtoto mapajani. Ana paji la uso la Kahigi. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Umefika," alisema. Hakuinuka.

"Nimefika."

"Mara hii umepata njia."

Mayunga ndiye aliyenitolea kiti, akapiga goti kidogo kunisalimu kama walivyomfundisha Wahaya, vibaya, lakini kwa moyo. Nikampa Stellah kopo. Alilifungua, akanusa, akalifunga haraka. Mayunga akachungulia.

"Mama, hawa wadudu wanaliwa na mbawa zao?"

"Mbawa zilishatolewa," Stellah akamwambia. "Acha ushamba mbele ya mkweo." Mdomo wake ukataka kucheka, akauzuia. Lakini niliuona.

Alinipa mtoto nimwogeshe. Mtoto wa wiki tatu, mwepesi kama mkate. Nilivaa kanga ya Stellah, yeye akachukua kitenge changu kilicholowa akisuuze. Nilikuwa nimefika kwenye shingo ya mtoto niliposikia maji yamenyamaza nyuma yangu.

"Hiki ni nini kwenye pindo?"

"Nauli," nikasema. "Ya kurudi."

Nilipogeuka uso wake ulikuwa umefungwa kabisa.

"Kumbe umekuja umeshapanga kuondoka," alisema. "Hujakaa hata saa moja. Ulishona kabisa. Shangazi walisema kweli, wewe ni mtu wa kuondoka."

Mtoto alikuwa mikononi mwangu, mwenye maji na sabuni, sikuweza hata kufuta macho. Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na mitano, yote juu ya shangazi zake, na ningeyasema yangekuwa ya kweli. Nikayameza. Nikasema, "Siku ile niliyotoka Izigo sikuwa na nauli hata ya mtu mmoja. Ningekuwa nayo, ungekuwa mgongoni mwangu."

Aliingiza ukucha kwenye mshono akaupasua, kwa hasira, kama mtu anayetaka kuona ushahidi. Zikatoka karatasi mbili za pesa zilizoviringishwa, kila moja imefungwa kwa uzi wa mgomba. Nilishangaa kuliko yeye. Mimi nilimpa Evodia nauli moja. Kwenye ile ya pili kulikuwa na kipande cha karatasi ya daftari.

"Kuna maandishi," Stellah alisema. Akaanza kuninyooshea, kisha akakumbuka kwamba sijui kusoma, akataka kuurudisha mkono.

"Lete," nikamwambia. Nikamfunga mtoto kwenye kanga, nikaishika karatasi. Herufi zilikuwa kubwa, kama za mbele ya gari. Evodia alijua ninasoma zipi. Nilisoma kwa sauti, polepole, na hakuna aliyenisaidia.

"Hii ni ya wa pili. Siku akitaka kuja. Mtoto wa mgongoni hatozwi."

Kuku walikuwa wakiparua nyuma ya nyumba. Stellah alikuwa ananitazama mdomo, si karatasi.

"Unasoma," alisema.

"Vibao vya magari. Na hii."

"Nani alikufundisha?"

"Huyohuyo aliyeandika."

Akakaa chini kwenye jiwe la kufulia. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Huyo mtu ni nani?" Nikamwambia habari za Evodia, kama nilivyozisimulia hapa, na za Rugaibula na kofia yake, na za mkungu uliotembea. Kwenye mkungu alicheka, na alipocheka alikuwa na miaka saba. Habari za shangazi zake hakuniuliza siku ile. Aliniuliza Jumamosi, tukichambua dagaa, swali moja baada ya jingine, nami nikajibu yale tu aliyouliza.

Jumapili mchungaji aliuliza jina la mtoto. Mayunga akamwangalia mkewe. Stellah akasema, "Kokwijuka." Ni jina la mama yangu. Alikuwa anambeba Stellah akiwa mdogo, na amekufa siku nyingi. Sikujua kama anamkumbuka.

Jumatatu upepo uliamka kabla ya watu. Haidari alikataa kuvuka, na abiria wawili wakamtukana, akawaambia waogelee. Jumanne hivyohivyo. Simu yangu ilikuwa imekwisha moto na jua lilikuwa halitoki la kuchaji. Niliipapasa ile punje kwenye leso kwa vidole, usiku na mchana, nikifikiri kopo lile lina yangu ndani na siku imepita.

Jumatano ziwa lilitulia. Stellah alinisindikiza hadi majini. Nauli ya pili sikuiona tena tangu Ijumaa, nikaogopa kuuliza. Alipoinama kunipa mtoto nimbusu, niliona pindo la kanga yake. Lilikuwa limeshonwa upya, mkono mbaya wa kushona, na ndani yake kuna kitu kimevimba.

"Unaangalia nini?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Panda, mama. Jaketi hujafunga kamba ya chini."

Tulipokaribia upande wa pili nilimwona mtu amesimama mwaloni peke yake, amevaa kanga mbili, amebeba kopo. Sikuamini. Evodia alikuwa hajakanyaga mwalo tangu msiba wa mumewe. Samaki wake huletewa mezani.

"Siku mbili," alisema nilipokanyaga mchanga. Alikuwa amekasirika, na macho yake mekundu. "Ulisema Jumatatu."

"Upepo, Ma Evodia. Haidari hakukupigia?"

"Alinipigia, jana na juzi. Nilijua uko salama."

"Sasa umekuja nini?"

"Kujua si kuona," alisema. Akafungua kopo, akatafuta kwa kidole, akatoa punje yangu. Nikafungua leso. Tukatafuna tumesimama, yeye akilitazama ziwa ambalo alikuwa hajalitazama miaka yote hiyo, na sikumharakisha.

Baadaye akauliza, "Na ile ya wa pili? Umerudi nayo?"

"Amebaki nayo. Ameishona."

"Kwenye pindo?"

"Kwenye pindo."

Evodia alitema ganda la kahawa, akafunika kopo lake, akaliweka kwapani. "Basi twende," alisema. "Nimeacha sufuria kwa kondakta, atakuwa ameshaimaliza. Na wewe unitafutie tunda zuri la kahawa, kubwa. La huyo mtoto wako akija lisiwe dogo."